Mtani Hapewi Dakika Tano

Mimi ni Mgogo, na kwa miaka arobaini na nane nimeishi mtaa wa Ng'ambo, hapa Tabora, nimezungukwa na Wanyamwezi pande zote, na bado ni mzima. Hilo peke yake lingetosha kunipa heshima mjini, lakini Wanyamwezi hawana shukrani. Natengeneza baiskeli. Zamani nilikuwa kwenye karakana ya reli, na siku yangu ya kwanza kazini, kabla hata sijaonyeshwa pa kutundika kofia, kijana mmoja mrefu wa Puge aliniuliza kwetu ni wapi. Nikamwambia Kilimatinde. Akaweka spana chini taratibu, akawageukia wenzake, akawaambia kwamba mwizi wa babu yake amejileta mwenyewe, sasa nani ana kamba.

Huyo ndiye Bernardo Mahona. Naandika habari hii kwa sababu amekufa, na mimi nilizuiwa kumzika.

Nieleze kwanza, maana siku hizi kila kitu lazima kielezwe. Wanyamwezi na Wagogo ni watani. Enzi za misafara, wapagazi wa huku walipobeba pembe kwenda pwani walipita kwetu, na wazee wetu hawakukubali mtu apite bure. Alitoa vitambaa, alitoa shanga, ndipo akafunguliwa njia. Waligombana, wakapigana, wakauana, na mwisho wakachoka, wakapatana kwamba kuanzia sasa watatukanana tu. Mtani anaweza kuingia uani kwako akaondoka na jogoo, nawe ukabaki kucheka. Anaweza kukuita punda mbele ya mkwe wako. Lakini siku ukifa, yeye ndiye anayekuja kuvaa koti lako, kuiga mwendo wako na kuziba njia ya kaburini, mpaka ndugu zako wamjibu tusi kwa tusi na kumrushia chochote, hata kiatu kibovu. Hapo watu hucheka. Wakicheka pumzi inarudi, na pumzi ikirudi mikono inapata nguvu ya kufukia. Mtani mwenyewe halii. Kulia ni kazi ya wenye msiba.

Basi mimi na Bernardo tulitaniana tangu asubuhi ile ya spana mpaka Agosti ya mwaka jana. Alipostaafu alirudi Puge kulima mpunga na viazi, lakini kila mwanzo wa mwezi alikuja mjini, akakaa kwenye benchi la karakana yangu, akanitukania ukoo mzima hadi jioni. Mimi nilimwambia kwamba kwao mtoto akizaliwa hawamwangalii jinsia, wanampima kichwa kama ni bapa, mzigo ukae vizuri. Yeye alisema kwetu mtoto akizaliwa hunyoosha mkono kwanza, kuomba, kabla hajalia. Mke wangu Martha alikuwa akifunga dirisha kwa aibu. Siku hizi analiacha wazi kutwa, na hakuna kinachosikika.

Tulikuwa pia na ugomvi mmoja ambao haukuwa utani. Bernardo aliamini kwamba shida zote za watu wetu, kuanzia ulevi, mabinti kuozwa wakiwa wadogo, hadi vikongwe kuuawa kwa sababu tu macho yao ni mekundu, mzizi wake ni mmoja: ujinga. Msomeshe mtu, alisema, mengine yatakaa sawa. Mimi nilisema mzizi ni kuacha mila, na mwacha mila ni mtumwa. Wazee wetu hawakuwa na cheti hata kimoja, lakini mtoto hakupita mbele ya mtu mzima bila kumwamkia. Yeye akasema hao hao wazee wasio na vyeti ndio waliowasingizia vikongwe. Mimi nikasema na wanaokula fedha za umma nao wamesoma mpaka wamevaa miwani. Tuliweza kuanza ugomvi huo nikiwa na pancha ya kwanza, nikaziba ya nne bado hatujapatana.

Kwake jambo hili halikuwa la mdomo tu. Alikuwa na mtoto mmoja, Advera. Mkewe, Recheli, alifariki mtoto akiwa na miaka sita, na mwaka uliofuata Bernardo alimpeleka mwanawe shule ya bweni ya masista, Mwanza. Mimi ndiye niliyebeba sanduku lake kichwani hadi stesheni, huku Bernardo akinifuata nyuma na kusema kwamba hatimaye Mgogo amepewa kazi ya Mnyamwezi. Mtoto akageuka, akatutazama. Bernardo akameza kicheko, nami nikaanza kuzungumza habari za ratiba ya treni.

Na hivyo ndivyo tulivyokuwa siku zote mbele yake. Akija likizo, akiingia tu, tunanyamaza. Tunanyoosha migongo. Mimi namwita Bernardo "Mzee Mahona", naye ananiita "Mzee Chihoma", na tunajadili mvua kama wageni wawili kwenye benchi la hospitali. Alipomaliza sekondari tukaongeza adabu. Alipokwenda Uholanzi akarudi daktari, daktari wa vitabu, si wa sindano, tukawa hatuthubutu hata kupiga chafya. Sasa anafanya kazi Dodoma, kwenye ofisi inayotafuta chanzo cha matatizo ya jamii. Yaani Mnyamwezi amekwenda kukaa kwetu, kwenye kiti cha kuzunguka, na mimi mwenye Ugogo yangu niko Ng'ambo naziba pancha za Wanyamwezi.

Agosti mwaka jana nikapigiwa simu kutoka Puge kwamba Bernardo ameanguka shambani asubuhi na hakuamka. Nilipanda basi la kwanza. Njiani sikulia. Nilikuwa na kazi kubwa mbele yangu na nilikuwa naiandaa: nitaanzia wapi, nitaiga kikohozi chake au mwendo wake wa kuburuza mguu wa kushoto, na lile tusi la kichwa bapa nilitoe mapema au nilitunze hadi kaburini. Hakuna aliyewahi kumjua Bernardo kuliko mimi, na nilitaka azikwe na mtu anayemjua.

Msiba ulikuwa wa kisasa. Maturubai, viti vya plastiki, vipaza sauti, ratiba iliyochapwa na picha ya Bernardo juu. Vijana wa kamati walivaa fulana zenye picha hiyohiyo kifuani. Nikaingia chumbani kwake, nikachukua koti lake la kijivu ukutani, nikalivaa, nikatoka kwa mlango wa nyuma. Jeneza lilipotoka kuelekea kaburini, kule mwisho wa shamba, wakanikuta nimelala njiani, chali, koti la marehemu likiwa limenifika magotini.

"Mpagazi huyu anakwenda wapi?" nikauliza, nikikohoa kama yeye. "Hapiti mtu hapa bila ushuru. Shusheni mzigo huo tuukague."

Bibi mmoja akacheka. Wawili, watatu wakadakia. Wabebaji wakasimama, na wale wenye umri wangu wakageuka kumtazama Advera, maana zamu ilikuwa yake. Angesema neno lolote. Angesema, toka hapo, Mgogo mwenye njaa. Angenirushia kanga, ganda la karanga, au udongo. Ningeinuka, tungemaliza.

Advera alisimama na shada la maua mikononi. "Mzee, huna aibu?" akasema kwa sauti ndogo. "Baba yangu alikuwa anakuita rafiki." Kisha akawaambia vijana wa kamati, "Mtoeni, tafadhali."

Wakanitoa. Walikuwa wanne, mmoja kila mkono, mmoja kila mguu, na kila mmoja ana sura ya Bernardo kifuani. Niliondolewa kwenye mazishi ya Bernardo nikiwa nimebebwa na Bernardo wanne, na huyo mtu mmoja ambaye angelicheka jambo hilo mpaka akae chini alikuwa ndani ya sanduku. Wakaniketisha nyuma ya ghala la mpunga. Nilisikia padri akisali. Kisha nikasikia majembe. Nilitaka kuinuka, lakini kijana mmoja alikuwa ameachwa anilinde, naye aliniambia kwa heshima zote, "Mzee wangu, tulia tu, tunaelewa una uchungu." Nikatulia, nikasikiliza mpaka udongo ukabadilika sauti, nikajua shimo limejaa.

Puge iligawanyika kabla sahani hazijaoshwa. Wazee walisema: mnaona matunda ya elimu? Mtoto kasoma hadi amesahau kumzika baba yake. Vijana walisema: mnaona mila zenu? Mtu mzima kumlalia njiani yatima. Hata hapa Ng'ambo habari zilifika kabla yangu, na kwa mwezi mzima hakuna aliyeleta baiskeli bila kuleta na maoni. Wote walitaka niseme kwamba elimu ndiyo iliyoniharibia, na mimi nilisema hivyo kwa ukali, tena na tena, kwa sababu nilikuwa nimekaa upande huo wa ugomvi kwa miaka arobaini, na sasa mpinzani wangu hakuwepo kunijibu. Ni vibaya sana kushinda ubishi kwa namna hiyo.

Mtu mmoja tu hakukubaliana nami. Mzee Ratilal, ambaye dukani kwake nanunua spoku na minyororo, alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa. "Eliya, wewe ulicheza bao na mtu ambaye hajawahi kuona bao," akasema. "Halafu umekasirika hakukujibu kete."

"Asiyejua maana haambiwi maana," nikamwambia.

"Basi atajuaje?"

Nilinunua spoku zangu nikaondoka. Njia nzima nilikuwa namtafutia jibu, na sijalipata mpaka leo. Nadhani aliyetunga msemo ule alikuwa mvivu wa kufundisha.

Mwaka ukapita. Sitasema ulipitaje. Kila mwanzo wa mwezi nilijikuta nimefagia karakana mapema na nimelipangusa benchi, na Martha ananitazama. Nikipata tusi jipya la Wanyamwezi, zuri, lenye uzito, nililigeuzageuza mdomoni siku nzima kisha nikalimeza. Puge sikwenda tena. Kaburi la Bernardo sikuwa nimeliona, na moyoni mwangu alikuwa bado hajazikwa. Alikuwa pale njiani, mabegani mwa watu, akinisubiri nimruhusu apite. Nilitaka kitu kimoja tu kabla sijafa: kummalizia mwenzangu safari. Na mtu wa kunipa nafasi hiyo ni mmoja, naye alikuwa Dodoma.

Jana, Alhamisi, saa tisa alasiri, nikiwa nimepindua baiskeli ya mwalimu jirani, nikasikia hodi. Karakana yangu ni chumba cha mbele cha nyumba, mlango wake wa mbao unatazama barabara. Advera alikuwa amesimama hapo, amevaa suti nyeusi, amekonda.

"Shikamoo, Mzee Chihoma."

"Marahaba, Dokta. Karibu."

Akaketi kwenye kigoda cha wateja. Benchi aliliacha. Akatoa bahasha kwenye mkoba akanipa kwa mikono miwili. Ilikuwa kadi ya misa ya kuweka msalaba kwenye kaburi la baba yake, Jumamosi, Puge. Ndani kulikuwa na ratiba, na kwenye saa tano na nusu imeandikwa: Neno kutoka kwa rafiki wa marehemu, Mzee E. Chihoma, dakika tano.

"Nimeona ni haki upewe nafasi yako," akasema.

Nilikuwa nimeingoja nafasi hiyo mwaka mzima, na ilipofika mikononi mwangu nikaikasirikia. "Mtani hapewi dakika tano," nikamwambia. "Mtani haalikwi, Dokta. Anakuja tu kama nzige."

"Basi njoo bila kualikwa."

"Nilikuja. Nikabebwa."

Akainamisha kichwa. Nikashika spana nikakaza nati ambayo ilikuwa imekaza tangu asubuhi.

"Baadaye waliniambia ile ilikuwa mila," akasema. "Sikuwa najua, mzee wangu. Nilirudi Dodoma nikatafuta maktaba. Nimepata makala matatu kuhusu utani, nimeyasoma yote."

"Yanasema nini?"

"Yanasema utani hupunguza mvutano baina ya makundi."

"Na yanasema baba yako alikuwa akikohoa vipi kabla hajatukana?"

"Hapana," akasema. "Lakini hilo nalijua."

Nikaacha nati. Aligeuka akautazama mlango, ule ule alioingilia.

"Nilikuwa nasikia," akasema. "Likizo, baba akinituma sokoni, nikirudi nilikuwa nafika hapo nje nasikia anacheka. Nyumbani alikuwa hacheki. Kicheko chake nilikuwa nakisikia hapa tu. Kwa hiyo nilikuwa nasimama nyuma ya mlango huu, na kapu kichwani, hadi miguu inauma. Kwa sababu nilijua nikiingia mtakata. Mlikuwa mnakata kama mtu aliyezima redio. Nilidhani ni mimi, mzee wangu. Nilidhani baba hawezi kucheka akiniona kwa sababu mama ndiye aliyekufa na mimi ndiye niliyebaki."

Nimeishi miaka sabini na mbili. Nimezika wazazi, nimezika mtoto. Sikumbuki neno lililowahi kuniingia vile.

Ikabidi nimwambie. Nilimwambia kwamba mama yake alipofariki, mimi ndiye niliyekuwa mtani wa msiba, na nilifanya kazi yangu kama inavyofanywa. Nilivaa kitenge cha Recheli, nikajifunga na kilemba chake, nikatoka jikoni nikiita watu waje kula kwa sauti yake. Watu walicheka huku wakifuta machozi. Na kutoka katikati ya wanawake akatoka mtoto wa miaka sita, mbio, akanikumbatia miguu akaniita mama. Kisha akatazama juu akaona uso wangu.

"Sikumbuki," akasema Advera.

"Ulilia hadi sauti ikapotea. Siku tatu hukuwa na sauti. Baba yako hakuwahi kuniomba kitu maishani mwake, lakini siku hiyo aliniomba. Alisema, Eliya, mbele ya mtoto, basi. Nikamwapia. Tulidhani ni kwa mwaka mmoja, au miwili. Halafu ukawa unasoma, ukawa unajua mambo, tukaona aibu. Tukawa hatujui tuanzie wapi tena."

Huko nje muuza vyombo alipita akigonga masufuria yake.

"Ofisini tuna fomu," akasema mwishoni. "Tunakwenda vijijini tunajaza. Chanzo cha tatizo. Kuna kisanduku cha ukosefu wa elimu na kisanduku cha mila na desturi, unaweka alama. Nimejaza mamia."

"Sasa hili letu utaliweka wapi?"

"Sijui. Hakuna kisanduku cha watu wawili walioogopa mtoto asilie."

Nilimwambia baba yake angekuwepo angesema niweke alama kwenye elimu, na mimi ningebisha, na tungekuwa wajinga wote wawili. Mdomo wake ukacheza kidogo. Kisha akainuka, akavua koti la suti, akaliweka juu ya kigoda.

"Nakuomba kitu. Mimi natoka nje. Wewe anza, wewe na baba. Nikiingia, usinyamaze."

"Utani ni wa watu wawili, Advera. Mmoja yuko Puge chini ya udongo."

"Mtani si ndiye anayemwiga marehemu? Imo kwenye makala."

Alitoka akauvuta mlango nyuma yake. Niliona ncha za viatu vyake chini ya mbao. Nikajiona mpumbavu, mzee mzima peke yangu na baiskeli iliyopinduliwa. Lakini nikakohoa. Kile kikohozi kilikuwa kimekaa kooni mwaka mzima, kikatoka vizuri, kile chake, chepesi mara mbili na kizito mara moja. Nikaenda kwenye benchi nikiburuza mguu wa kushoto, nikaketi upande wake, nikasema kwa sauti yake, "We Mgogo, umeshaomba chai asubuhi hii, au unangoja nipite niombwe mimi?" Nikainuka nikajijibu kwa sauti yangu. Nikarudi kwenye benchi. Nikawa mimi, nikawa Bernardo, nikawa mimi, na mahali fulani katikati nikasahau kwamba nafanya kwa kuombwa.

Mlango ukafunguka. Nikanyamaza.

Sikutaka. Ulimi ulijifunga wenyewe, mgongo ukanyooka, na nilikuwa tayari kusema habari za mvua. Advera alisimama mlangoni akaniangalia. Hakulaumu. Akageuka, akatoka tena, akaurudisha mlango.

Nikaanza upya. Safari hii nilishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Nilimwiga Bernardo akieleza jinsi babu yake alivyofika Ugogo ulimi umekauka, akakuta Mgogo ameketi juu ya kisima kama kuku juu ya mayai, anauza maji kwa kibuyu. Mlango ukafunguka. Sauti ikanitetemeka, sikuiacha. Nikainuka nikiwa mimi, nikamwambia Bernardo kwamba babu yake yule kichwa kilikuwa bapa kiasi kwamba hata hicho kibuyu kingekaa juu yake bila kata. Niliyasema hayo nikimtazama binti yake machoni. Akaja akaketi kwenye kigoda, juu ya koti lake.

"Wagogo nao," akasema, akasita, "Wagogo nao walikuwa wakiuza maji kinyume cha utaratibu."

Lilikuwa jibu bovu kuliko yote niliyowahi kusikia. Nikamwambia ni bovu. Nikamwambia mtu wa ukoo wa Mahona akijibu hivyo mbele ya watu Jumamosi, mimi nitafufuka njiani na kwenda zangu nyumbani kwa aibu.

Akafikiri, amekunja uso kama anafanya mtihani. Kisha akasema, "Mwenye nyumba wangu Dodoma ni Mgogo. Bomba la uani analifunga kwa kufuli, na ufunguo analala nao. Miaka mia na hamsini, mzee, hamjaacha tu."

Lile lilikuwa tusi. Lilikuwa na mwanzo, lina mwisho, na lilinipiga pale pale panapostahili. Nilicheka mpaka nikajishika mbavu, na nikiwa bado nacheka nikageukia benchi nimwambie Bernardo: umemsikia mwanao? Umemsikia huyu?

Benchi lilikuwa tupu. Ndipo nikalia. Nililia kwa sauti, mbele ya mtoto wa watu, mimi mtani, nisiyeruhusiwa. Martha alikuja hadi mlango wa ndani akasimama. Advera alisogeza kigoda karibu, akaniwekea mkono gotini, na machozi yake mwenyewe yakimtiririka. Hakuniambia pole. Alingoja nivute pumzi, kisha akaniuliza kwa upole kama na maji hayo nayauza.